Mwenza wa kukodi

"Dada, samahani, jina lako nani vile?"

Kijana aliuliza kwa sauti ya chini, lakini benchi lilikuwa limebana na masikio yetu yalikuwa karibu. Mwanamke akamtajia. Kijana akalirudia jina kimoyomoyo, midomo tu ikicheza, kisha akauliza tena: "Na hii ni ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Haya."

Mume wangu akanigusa kwa kiwiko. Nikajifanya natafuta kitu kwenye pochi.

Ilikuwa Julai, na Julai ya Mbeya haihitaji maelezo. Mlima Loleza ulikuwa umejifunika ukungu, nasi wajawazito tumejitanda vitenge juu ya masweta. Tulikuwa kwenye benchi la waliokuja na wenza, kliniki ya hospitali moja ya hapa jijini. Siitaji, kwa sababu nikiitaja mtadhani ni hiyo peke yake. Kijana alikuwa na kizibao cha kijiwe chake cha bodaboda, helmeti kaipakata.

Baada ya kitambo akamgeukia mume wangu.

"Kaka, eti huko ndani wanatoa damu?"

"Wanachoma kidole."

"Cha mama?"

"Vya wote wawili."

Akaitazama helmeti. "Mimi niliambiwa nikae tu."

Haikupita muda akanyanyuka, akasema pikipiki ameipaki vibaya. Hakurudi.

Mwanamke hakugeuka kumwangalia akiondoka. Nesi alipokuja kutuhesabu wawili wawili, akafika kwake, akatazama nafasi iliyo wazi pembeni yake, akamwonyesha kwa mkono lile benchi jingine, refu, linaloanzia dirishani mpaka karibu na choo. Hakusema neno baya. Hakusema neno lolote.

Sisi tukaingia.

## Benchi fupi na benchi refu

Utaratibu mnaujua. Hudhurio la kwanza uje na mwenza. Ukija naye unatangulia. Ukija peke yako unasubiri, na kwenye baadhi ya vituo unaambiwa urudi na barua ya mwenyekiti wa mtaa inayoeleza mwenza yuko wapi. Aliyefiwa, aliyeachwa, ambaye mume yuko safari, ambaye mwanaume aliikana mimba siku alipoambiwa: wote wanaandikiwa barua ileile, kwa muhuri uleule.

Nilirudi nyumbani na kadi mpya, vidonge na njaa. Wiki zikapita. Nikafungua duka langu Mwanjelwa kila asubuhi kama kawaida, lakini yule mwanamke akawa anarudi kichwani nikiwa katikati ya kuhesabu chenji.

Ingekuwa huruma tu ningeizoea. Huruma huwa inapoa.

Shida ni kwamba mimi ni mtetezi wa ule utaratibu. Nimebishana na mawifi zangu kuhusu jambo hili. Nimesema mara nyingi kwamba mwanaume aliyeweza kuingia chumbani anaweza kuingia kliniki. Mume wangu alipojivuta siku ile, nilimwambia asiponisindikiza nitakwenda na baba yake. Na bado naamini alipaswa kuja. Sasa nilikuwa nimemwona mtu anakodi mume wa saa moja ili apimwe presha, na sikujua niweke wapi kile nilichokiona.

## Siku yenyewe inavyokwenda

Kabla sijaendelea na ubishi, acha nimweleze siku ile dada ambaye hajawahi kwenda, maana mimi nilielezwa kidogo sana.

Fika mapema, kabla ya saa moja, ukiwa umekunywa chai na umebeba maji. Kwanza kuna somo la asubuhi. Nesi anasimama mbele, anaongea juu ya chakula, dalili za hatari, maandalizi ya kujifungua. Watu wengi husinzia hapa. Usisinzie, ndilo jambo la maana kuliko mengi utakayofanyiwa siku hiyo.

Halafu mzani, kimo chako, presha. Kisha maswali: mimba ya ngapi, wangapi wako hai, umewahi kupasuliwa, kuna aliyezaliwa amefariki. Maswali haya huulizwa mlango ukiwa wazi nusu, na utayajibu huku mwenzako wa nyuma anasikia. Wataulizia pia siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Iandike tarehe hiyo hata kwenye simu, kwa sababu ndiyo wanayoiongezea siku 7 na miezi 9 kupata tarehe ya matarajio. Ukijibu "katikati ya mwezi wa nne hivi", utapewa tarehe ya hivi hivi, na mwishoni wote mtabaki kukisia kama mtoto amechelewa au la.

Maabara wanachukua damu kuangalia wingi wa damu, kundi la damu, VVU na kaswende. Mkojo unapimwa protini na sukari. Usiuchukulie mkojo kama jambo dogo. Presha ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20, na protini ikaonekana kwenye mkojo, utaona manesi wanaacha mzaha wote, kwa kuwa kifafa cha mimba huingilia mlango huo. Ndiyo maana presha hupimwa kila hudhurio, hata kama wewe unajisikia mzima wa kubeba ndoo.

Kitandani mkunga anapapasa tumbo, anapima kimo cha mimba, anasikiliza moyo wa mtoto. Mimba ikiwa changa hatausikia, na atakuambia hivyo kwa haraka bila kukutazama usoni. Usilie. Bado ni mapema tu.

Mwisho ni dirisha la dawa: vidonge vya kuongeza damu, chandarua, dawa ya minyoo ukishavuka miezi mitatu ya kwanza, na SP ya kuzuia malaria, ambayo nayo huanza baada ya miezi hiyo na humezwa palepale mhudumu akikuona, kisha hurudiwa kwa nafasi ya mwezi au zaidi. Sindano ya pepopunda inategemea ulizochoma huko nyuma, kwa hiyo kama una kadi ya mimba iliyopita nenda nayo.

Hapa nichomeke jambo moja la sisi watu wa nyanda za juu. Chai. Tumezaliwa kwenye chai, Tukuyu iko pale, na baridi hii inatudai kikombe kila saa. Lakini chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma. Ukimeza kidonge cha damu kwa chai ya rangi, sehemu kubwa ya kidonge inapita tu. Meza kwa maji, au na chungwa, chai isubiri saa moja au mbili. Na choo kikiwa cheusi usikimbie kwa mganga, ni hivyo vidonge.

Nesi alituuliza pia nani anakula pemba. Benchi zima tukatikisa kichwa kwa pamoja. Pale sokoni kwetu udongo huo unauzwa kwa mafungu na unaisha kabla ya saa sita, lakini wanunuzi wake, kumbe, si wajawazito.

Kwa sisi wa benchi fupi yote haya yaliisha kabla ya saa nne. Nilipokuwa natoka getini, yule mwanamke alikuwa bado hajafika kwenye mzani.

## Mama mkunga ananibishia

Kanisani kwetu kuna mama mmoja, mkunga mstaafu, aliyezalisha nusu ya waimba kwaya. Nilimpelekea kisa hiki nikitegemea atikise kichwa na kusema manesi wa siku hizi. Hakutikisa.

"Mwanangu," akasema, "wewe hukuwepo enzi tunawapa wanawake majibu peke yao."

Akanieleza. Mwanamke anapimwa, ana VVU, anaambiwa aanze dawa. Anarudi nyumbani na kichupa kilichofungwa kwenye khanga. Hawezi kumwambia mume, kwa kuwa aliyepimwa kwanza ndiye anayeitwa mleta ugonjwa. Anaficha dawa kwenye unga. Siku mume yupo nyumbani hamezi. Au anasema ukweli na anafukuzwa usiku huohuo, na mimba yake. Wenzi wakipimwa pamoja, wanasikia pamoja, na hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole.

Kisha akaenda kwenye kaswende. Mama anachomwa penisilini, anapona. Baba hajachomwa. Wiki mbili baadaye mama ameipata upya, na mtoto tumboni yuko palepale hatarini: mimba kuharibika, kuzaliwa mfu, kuzaliwa na ugonjwa. "Sasa nimemtibu nani hapo?"

Na la tatu, ambalo sikuwa nimelifikiria. Mwanamke anapimwa VVU mwezi wa tatu, hana. Anashangilia. Mwezi wa saba mume anamwambukiza. Maambukizi mapya huwa na virusi vingi mno kwenye damu, na hatari kwa mtoto inapanda kuliko kwa mama ambaye amekuwa kwenye dawa muda mrefu. Ndiyo sababu kipimo hurudiwa mimba ikikua na tena wakati wa kunyonyesha. Ukimpima baba mwanzoni, unaliona tatizo kabla halijafika.

Nikataka kusema kwamba si kila mahali VVU vimeenea hivyo. Akanikata: "Hapa ndipo mahali penyewe."

Na ni kweli. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022 hadi 2023 uliwakuta watu wazima wenye maambukizi nchini kuwa asilimia 4.4. Njombe ilikuwa asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Mikoa mitatu ya juu kabisa, na yote ni ya kwetu huku. Mkunga wa Mbeya anayeuliza baba yuko wapi hafanyi umbea. Bila kinga yoyote, watoto kati ya 15 na 45 katika kila 100 wanaozaliwa na mama mwenye VVU huambukizwa, ukihesabu na wa kunyonya. Mama akiwa kwenye dawa na akizimeza, idadi hiyo inashuka chini ya 5. Tangu 2013 mjamzito anayekutwa na VVU nchini anaanzishiwa dawa moja kwa moja, za maisha yake yote, bila kusubiri kinga ya mwili ishuke. Kazi iliyofanyika hapo ni kubwa, na wanawake kama huyu mama ndio walioifanya.

Nikaondoka kwake nimenywea.

Nikafika Kabwe, nikiwa nasubiri bajaji, swali likarudi limenyooka zaidi. Kama sababu zote hizi ni za kweli, yule kijana wa bodaboda angemsaidia nini mtoto?

## Walimwita kwa ajili ya kidole

Fikiria angekuwa jasiri. Angeingia, angechomwa kidole, angeandikwa kwenye kadi kama baba. Majibu yangetolewa kwa wawili. Mwanamke angesikia hali yake mbele ya mtu aliyekutana naye kituoni asubuhi hiyo. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya mtu, lakini sheria haikai kwenye benchi, na kijana angerudi kijiweni na habari ya mtu mkononi. Na baba halisi wa mtoto asingepimwa, ila kitabu kingeonyesha kwamba amepimwa.

Kitabu kingependeza.

Hapo nikaanza kumhoji mume wangu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya. Nilimuuliza siku ile aliambiwa nini. Akafikiri. Alichomwa kidole, akapewa majibu, akaambiwa asubiri nje. Akasimama getini na wanaume wengine, wakanunua viazi vya kukaanga, wakaongea mpira.

"Somo la asubuhi?"

"Somo gani?"

Wakati wa somo nesi alikuwa amesema wanaume wapishe nafasi, akina mama wakae. Wakapisha.

Kwa hiyo mambo ambayo yeye ndiye angeyahitaji usiku wa manane, mimi nikiwa siwezi kusema, hakuyasikia. Kwamba kichwa kikiuma sana na macho yakaona maruweruwe si uchovu. Kwamba uso na mikono ikivimba ghafla, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, damu ukeni hata kidogo, maji kutoka kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza, vyote hivyo ni safari ya hospitali saa hiyohiyo na si kesho. Kwamba mama anayepata dharura anaweza kupigiwa namba 115 bila malipo, mfumo wa m-mama ukatafuta gari, hata kama gari lenyewe ni teksi ya mtaani iliyosajiliwa. Kwamba atafutwe mapema mtu wa kutoa damu. Mimi niliyasikia yote, na mimi ndiye mtu ambaye siku hiyo atakuwa amelala.

Yeye walimwita kwa ajili ya kidole. Walipokipata, kazi yake ikaisha.

Nilimrudishia mama mkunga hili kwa simu. Akanyamaza, kisha akasema chumba ni kidogo na nesi ni mmoja. Nikamwelewa. Sikukubali.

## Waume wako wapi

Tuseme ukweli mwingine kuhusu mkoa wetu. Huku wanaume wanakwenda.

Wako Chunya kwenye mashimo ya dhahabu. Wako Tunduma, kwenye foleni ya malori au wanabeba mizigo mpakani. Wako Mbarali kuanzia mpunga unapandwa mpaka unavunwa, wako Mufindi kwenye mbao na kwenye chai. Mwanamke wa Ilomba au Nzovwe anayekuja kliniki peke yake, mara nyingi mumewe yupo, anamtumia hela ya kula kwa simu, anapiga kila jioni. Ila hayupo Jumanne saa moja asubuhi.

Yeye afanye nini? Atasubiri arudi. Na hapa ndipo nilipobadili mawazo kabisa, kwa sababu mimba haisubiri naye.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito akutane na mhudumu walau mara 8, badala ya mara 4 za zamani: mara ya kwanza ndani ya wiki 12, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Ukiitazama ratiba hiyo utaona mahudhurio yanazidi kusogeleana mwishoni, kwa kuwa hatari nyingi ndipo zinapojitokeza. Lakini lile la kwanza ndilo linalopanga mengine. Damu pungufu ikigundulika mwezi wa tatu una nusu mwaka wa kuijenga. Ikigundulika mwezi wa nane unakwenda leba nayo. Kaswende ikitibiwa mapema mtoto anaokoka. Picha ya utrasaundi kabla ya wiki ya 24 inaweza kukwambia umri wa mimba kwa uhakika. Baada ya hapo inakadiria tu.

Nasi tayari tuna sababu zetu za kuchelewa. Mimba changa kwetu haitangazwi. Mama mkwe anajua kwa kuona hatua zako, mama mzazi anajua kwa sauti kwenye simu, lakini kulitamka neno lenyewe kabla tumbo halijajitokeza ni kukaribisha macho ya watu. Ongeza juu yake kwamba ili uandikishwe inabidi umtafute mume, au uende kwa mwenyekiti wa mtaa, mwanaume wa watu, ukamweleze ukiwa na mimba ya wiki tisa kwamba aliyekupa hayupo. Nani ataenda? Atasubiri mwezi wa tano, wakati tumbo halina siri tena.

Utafiti wa afya ya jamii wa 2022 ulikuta wanawake asilimia 65 walifikisha mahudhurio manne au zaidi. Vifo vya uzazi vilivyokadiriwa na utafiti huo vilikuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 kwenye utafiti wa 2015 hadi 2016. Tumepiga hatua ambayo bibi zetu wasingeiamini. Ninachouliza ni kuhusu wale waliobaki nje ya ile asilimia 65, na ni wangapi kati yao walifika getini siku moja wakarudishwa.

Wizara inahimiza wenza kushirikishwa, na naiunga mkono bado. Hata Shirika la Afya Duniani, mwaka 2015, liliposhauri wanaume wahusishwe, liliweka sharti: ifanyike kwa namna inayoheshimu uamuzi na uhuru wa mwanamke mwenyewe. Kuhimiza ni kumkaribisha mtu. Kumrudisha mkewe nyumbani bila kupimwa presha ni jambo jingine kabisa, na foleni ya upendeleo ni binamu yake mpole.

Maana hata foleni ile, ukiitazama vizuri, inamtanguliza nani? Mimi. Mwenye mume fundi anayejipangia saa zake, mwenye duka, ninayekaa karibu na barabara ya lami. Na inamweka nyuma nani? Mwenye mimba ya tatu, anayelea wawili peke yake, aliyeacha wote kwa jirani na kuahidi kurudi kabla ya mchana.

Kama ni kupanga kwa hatari, mabenchi yamegeuzwa.

## Hela

Fupi tu, kwa kuwa mnaulizana sana. Huduma ya wajawazito kwenye vituo vya serikali ni bure kwa sera, na kadi, vipimo vya msingi na vidonge mimi sikulipia. Utrasaundi nililipia. Vifaa vya kujifungulia unaambiwa ujiandae navyo: glovu, pamba, mpira wa kulalia, vibanio vya kitovu, nyembe, beseni, vitenge safi. Anza kununua kimoja kimoja mapema. Na ukiambiwa kundi lako la damu ni hasi, uliza hapohapo kuhusu sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako usiishambulie damu ya mtoto mwenye kundi chanya, kwani ni ghali na si kila duka la dawa wanayo. Hapo, kwa haki kabisa, damu ya baba ina kazi: akiwa naye ni hasi, gharama hiyo inakuepuka. Mama mkunga alifurahi sana nilipokiri hilo.

Usikimbilie pia hospitali kubwa kwa sababu ya jina. Mimba isiyo na tatizo inaangaliwa vizuri tu kwenye zahanati ya mtaani kwako, foleni ni fupi na nesi atakujua kwa sura. Kovu la upasuaji, presha, mapacha, mtoto aliyefia tumboni huko nyuma, uzazi wa tano na kuendelea: hao ndio wa kupelekwa juu, mpaka hospitali ya wazazi ya Meta ikibidi. Kadi ni ileile popote.

## Mdogo wangu wa Igurusi

Mdogo wangu ana mimba ya kwanza. Mumewe yuko Chunya na hatarudi kabla ya mvua. Alinipigia wiki iliyopita akisema atakwenda kliniki shemeji yangu akija Desemba, "ili isiwe usumbufu".

Nilimwambia aende wiki hii.

Nilimwambia aende mwenyewe, na asikodi mtu, asimbebe mjomba wala mpangaji. Akiulizwa mwenza aseme yuko machimboni, namba yake hii hapa, atakuja kupimwa akirudi. Wakimwambia arudi na barua, aombe kwa adabu kwamba leo apimwe presha, damu na mkojo, na barua ataleta hudhurio lijalo. Wakikataa, asibishane na nesi wa mlangoni, ambaye naye kapangiwa tu. Aulize ofisi ya mganga mfawidhi iko wapi na aende akamweleze hivyohivyo.

Shemeji nilimpigia mimi. Nilimsomea dalili za hatari moja baada ya nyingine, nikamtaka azirudie. Alizirudia, akasahau ile ya kuvimba mikono. Nikamtajia tena, na namba 115, nikamwambia akapime huko huko Chunya, asingoje Desemba, na majibu amwambie mkewe kwa mdomo wake mwenyewe.

"Kumbe na mimi nina kliniki," akasema.

Juzi mdogo wangu amenitumia picha ya kadi. Wingi wa damu 10.2. Kidogo chini ya 11 wanayoitaka, ila ana mimba ya wiki 11, muda anao. Nimemuuliza anamezea nini vidonge.

Chai, amesema.